Kasha Dogo, Majivuno Makubwa

Wasomaji wa ukurasa huu mmenizoea nikigombana na watu juu ya vina, juu ya tafsiri mbovu na juu ya majalada ya vitabu yanayotia aibu. Leo ugomvi wangu ni juu ya sanduku la bati. Msikimbie. Sanduku hilo ndilo linaloketi pembeni ya meza yenu, ndani yake mna riwaya mliyoianza miaka mitatu iliyopita, na siku likiungua hamtakuwa na mhakiki wala mchapishaji wa kumlaumu. Mtalia peke yenu.

Kwanza tuelewane kwa majina. Huku kwetu watu wengi hulinyooshea kidole sanduku zima na kuliita "CPU". Utasikia: "Nimepeleka CPU kwa fundi." Jamani, hiyo siyo CPU. CPU ni prosesa, kipande kidogo kinachoenea kwenye kiganja, kimejificha huko ndani. Sanduku lenyewe ni kasha, na mafundi wengi husema kesi. Silisemi hili kwa ubishi wa lugha tu. Mtu akiliita sanduku zima kwa jina la kiungo kimoja, haoni kwamba sanduku ni kitu kinachochaguliwa peke yake, chenye sifa zake na kasoro zake. Anachukua alichopewa. Na usipochagua kasha mwenyewe, muuzaji atakuchagulia, naye muuzaji huchagua linalong'aa.

Hoja yangu naiweka mapema ili anayetaka kubisha aanze kubisha. Mwandishi anayejijengea kompyuta ndogo ya mezani achague kasha kwa kuuliza litafunguliwaje, litasafishwaje na litatengenezwaje miaka minane ijayo. Udogo ni sifa nzuri, lakini ni ya tatu au ya nne kwenye foleni. Wanaohubiri lita kana kwamba ni dini wanatupotosha. Wanaotuuzia vioo na taa za rangi wanatupotosha zaidi.

Kwani laptopu ina nini?

Najua mmeshaanza kunung'unika. Kwani laptopu ina nini? Ina mengi mazuri. Unaandikia kwenye basi, unaandikia kitandani, na umeme ukikatika betri inakushika mkono. Hii hoja ya betri ndiyo nzito kuliko zote kwa watu waliopitia mgao wa umeme Tanzania mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, na mimi siipuuzi. Lakini hebu itazameni vizuri. Betri ya laptopu ni ya modeli moja. Ikichoka, unazunguka maduka na namba ya modeli mkononi, unauziwa ya bandia, inavimba. Ndani ya UPS nyingi ndogo za mezani kuna betri ya volti 12 na saa-ampea 7, ile ile inayowekwa kwenye kengele za wezi. Ikifa, unafungua kwa bisibisi, unaweka nyingine, unaendelea na aya uliyoiacha.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Laptopu nyingi nyembamba za leo RAM yake imelehemiwa kwenye madabodi. Baadhi, MacBook zikiwemo, hata hifadhi yake imelehemiwa. Maana yake ni kwamba kiungo kimoja kikifa, vyote vinazikwa kaburi moja. Mwenzetu mmoja wa kikundi cha kusoma alimwaga chai ya maziwa juu ya kibodi. Chai ikapita kwenye vitufe, ikafika kwenye madabodi, na sura tisa za riwaya zikaondoka nayo. Angekuwa na kompyuta ya mezani, chai ile ingeua kibodi tu, kitu cha bei ndogo kuliko vyote juu ya meza.

Kwa hiyo simkatazi mtu laptopu. Anayeandika safarini aichukue. Ninachokataa ni ile kauli ya kejeli kwamba kompyuta ya mezani ni ya watoto wa gemu na makarani wa halmashauri. Mwandishi anayekaa mahali pamoja, anayeandika kila siku kwa miaka, anastahili mashine ambayo kila kiungo chake kinabadilika bila kuwaua wengine. Hiyo ndiyo fadhila ya kompyuta ya mezani, na ndiyo fadhila ambayo kasha baya linaweza kuifuta yote.

Udogo una haki yake

Nisieleweke vibaya: sijaja kutetea makasha makubwa. Muundo wa madabodi uitwao ATX, ulioletwa na Intel mwaka 1995, una ukubwa wa milimita 305 kwa 244, na kasha lake la kawaida hufika lita 40 na zaidi. Piga picha ya madumu mawili ya maji ya lita 20 yamesimama mezani kwako. Ndani ya kasha hilo, mwandishi huwa na madabodi, prosesa, diski moja, na hewa tupu. Hewa hiyo inakaa kwenye chumba unacholipia kodi.

Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilileta muundo wa mini-ITX: milimita 170 kwa 170, mraba kamili. Uzuri wake si udogo peke yake. Uzuri ni kwamba ulikuwa wazi, kampuni nyingine zikaufuata, na zaidi ya miaka 20 baadaye yale matundu manne ya skrubu yako pale pale. Kasha la mini-ITX lililotengenezwa miaka kumi iliyopita linapokea madabodi iliyotoka kiwandani mwaka huu. Fikirini maana yake. Prosesa zimezeeka, RAM imetoka DDR3 ikaja DDR4 na sasa DDR5, diski zimebadilika umbo. Kasha limebaki. Katika mashine nzima, kasha ndilo kiungo ambacho hakina sababu ya kuzeeka. Ndiyo maana inakera kuona watu wakilinunua kwa haraka kuliko vyote.

Na mwandishi kweli anahitaji kidogo. Prosesa nyingi za kawaida zimebeba sehemu ya michoro ndani yake, inayotosha kwa maandishi, video na hata upangaji wa kurasa za kitabu. Kadi kubwa ya michoro haihitajiki. Prosesa ya daraja la wati 65 ni nguvu ya kutosha na ya ziada. Kwa hiyo kasha dogo ni chaguo la haki kwa mwandishi: linakaa juu ya meza nyembamba, na siku ya kuhama unalipakata mapajani ndani ya bajaji. Hapa mimi na wahubiri wa udogo tuko pamoja. Tunaachana kona inayofuata.

Mashindano yasiyo yetu

Kuna ulimwengu mzima wa watu wanaohesabu lita. Mwaka 2013 lilikuja kasha liitwalo Ncase M1, lililobuniwa na wapenzi wa kompyuta na kugharimiwa kwa michango ya watu mtandaoni, lita 12.6. Mwaka 2016 Mjerumani Daniel Hansen akaleta Dan A4-SFX, lita 7.2. Yaani chukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, ongeza chupa mbili za maji, hapo ndipo linapoishia. Ni kazi za mikono safi na akili kali, na sina neno baya juu yao.

Swali ni hili: walikuwa wanatatua shida ya nani? Walitaka kuingiza kadi kubwa ya michoro, ya kuchezea gemu nzito, ndani ya sanduku dogo iwezekanavyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa mashindano. Katika Dan A4 madabodi inakaa upande mmoja na kadi ya michoro upande wa pili, mgongo kwa mgongo. Mwandishi asiye na kadi ya michoro akinunua kasha hilo, upande mmoja unabaki mtupu kama chumba cha mgeni asiyekuja, na upande wa pili, uliko prosesa, una nafasi ya kipoza chenye kimo cha milimita 48 tu. Amelipia nafasi asiyoitumia na amejinyima nafasi anayoihitaji. Halafu anapiga picha, anaandika "lita saba tu", watu wanampongeza.

Hizo milimita si mchezo. Kipoza kifupi kama Noctua NH-L9i kina kimo cha milimita 37 na feni yake ni ndogo. Kipoza kirefu kama NH-U12S cha kampuni hiyo hiyo kinafika milimita 158 na feni yake ni ya milimita 120. Feni pana inasukuma hewa nyingi ikizunguka polepole. Feni ndogo, ili isukume hewa ile ile, lazima ikimbie, na ikikimbia inapiga kelele. Sisi ni watu tunaosoma sentensi kwa sauti kujua kama zimekaa sawa. Nani anataka kusikiliza mizani yake huku pembeni mbu wa chuma anaimba?

Yaliyotokea kwa wengine

Anayedhani nazidisha maneno na atazame historia. Mwaka 2000 Apple ilileta Power Mac G4 Cube, mchemraba wa kuvutia usio na feni, hewa ya moto ikipanda yenyewe katikati. Ulianza kuuzwa dola 1,799. Wateja wakalalamikia mistari iliyoonekana kama nyufa kwenye plastiki yake angavu, na bei ikawashinda wengi. Julai 2001, kabla hata wiki 52 hazijatimia tangu uanze kuuzwa, utengenezaji ukasimamishwa. Leo uko kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Mahali pake hasa.

Mwaka 2013 kampuni hiyo hiyo ikaleta Mac Pro ya umbo la silinda nyeusi, ndogo, nzuri ajabu. Mwaka 2017 wakuu wake wakakiri mbele ya waandishi wa habari kwamba umbo lile liliwabana kwenye kona ya joto: kadi za michoro zilipobadilika, silinda haikuweza kuzipokea. Walioinunua kwa kazi walikaa miaka bila njia ya kuiboresha. Kampuni tajiri kiasi hicho, wahandisi wa kila aina, umbo likawafunga. Sasa wewe na mimi?

Halafu kuna NZXT H1, kasha dogo lililosimama wima, la mwaka 2020. Skrubu zilizofunga kile kipande cha kuunganishia kadi ya michoro ziliweza kusababisha shoti na kuwasha moto. Februari 2021 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa makasha hayo, takriban 32,000 nchini humo. Skrubu, jamani. Nafasi ikibanwa, hata skrubu inakuwa na sababu ya kugusa isichopaswa kugusa.

Mashine hizi tatu hazikushindwa kwa sababu moja, nalijua hilo. Zinachoshiriki ni kwamba umbo liliamuliwa kwanza, na kazi ikaambiwa ijibane ienee.

Joto letu si joto lao

Hapa ndipo ninapokasirika kweli. Mapitio mengi tunayosoma na kutazama yamefanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu, vyenye hewa kavu na sakafu ya zulia. Sisi tunaandikia Tanga, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, ambako mwezi wa pili chumba bila kiyoyozi kinafika nyuzi 33 bila kuomba ruhusa.

Hesabu yake ni rahisi. Feni haiwezi kupoza kitu chini ya joto la hewa inayoivuta. Inachoweza ni kupunguza tofauti. Kama kasha fulani linaifanya prosesa iwe na nyuzi 50 juu ya joto la chumba, mchambuzi wa chumba cha nyuzi 21 atakuonyesha 71 na kukuambia hakuna shida. Kasha hilo hilo kwako, penye nyuzi 33, ni 83. Feni zinalia, na mzigo ukizidi prosesa inaanza kupunguza mwendo wake ili isiungue. Kasha ni lile lile, viungo ni vile vile, lakini sifa aliyolisifia mwenzako haikuvuka bahari.

Ongeza vumbi. Wa Dodoma na wa Nairobi wanalijua lao, jekundu na jembamba, linaingia hata kwenye saa ya mkononi. Ongeza chumvi ya pwani inayokula bati na viunganishi. Kasha lisilo na chujio la vumbi, au lenye chujio lililofichwa nyuma ya skrubu kumi na mbili, ni kasha ambalo halitasafishwa. Nalisema kwa uhakika kwa sababu nawajua waandishi: sisi hatuoshi hata kikombe cha kahawa. Chujio likitoka kwa kidole kimoja, litaoshwa bombani kila mwezi. Likidai bisibisi na nusu siku, litaoshwa siku ya mazishi ya mashine.

Na sasa kioo. Eti kasha la kisasa lazima liwe na ubavu wa kioo ili uone ndani. Uone nini? Huko ndani hakuna hadithi. Ubavu wa kioo uko pale ambapo matundu ya hewa yangekaa, na ukuta wa mbele wa kioo ni mbaya zaidi, ni sawa na kujenga nyumba ya Pwani isiyo na dirisha upande wa bahari. Tena kioo hicho kigumu kina tabia moja ambayo wauzaji hawaitaji: ukikilaza kwenye sakafu ya vigae, pembe yake ikagonga kigae hata kidogo, kinaweza kusambaratika chote mara moja kikawa punje. Nyumba zetu ngapi hazina vigae? Bati lenye matundu madogo madogo halivunjiki, linapitisha hewa, na bei yake ni nafuu. Halipendezi kwenye picha. Ndio hivyo.

Inkisari

Niseme kitu ambacho wasomaji wa ukurasa huu watakielewa kuliko watu wa maduka ya kompyuta.

Tungo za kimapokeo zina mizani. Mshororo wa shairi la kawaida una nane na nane, kumi na sita, na anayezidisha anaambiwa amezidisha. Mbano huo haujaua ushairi wetu. Umeufinyanga. Nami naliona kasha dogo hivyo hivyo: ni mbano wenye faida, unakulazimisha kuuliza ni kipi hasa unachokihitaji. Lakini mtunzi akibanwa na mizani ana ruhusa ya inkisari, kulifupisha neno ili lienee. Inkisari moja mahali pake ni ufundi. Inkisari kila mshororo, neno hili limekatwa kichwa na lile mguu, na msomaji hajui tena linasemwa nini. Idadi imetimia, shairi limekufa.

Kompyuta ya lita tano iliyojengwa kwa viungo vya kawaida ni shairi la inkisari tupu. Nyaya zimekunjwa zikabanwa chini ya kifuniko. Feni imeachwa kwa sababu haikuenea. Diski ya pili imeachwa kwa sababu haikuenea. Pawasaplai ni ya aina isiyopatikana mjini kwako kwa sababu ile ya kawaida haikuenea. Lita zimetimia, mashine haitengenezeki.

Hiyo diski ya pili ndiyo inayoniuma kuliko yote. Mwandishi mwenye diski moja ana muswada mmoja. Mwenye diski mbili, moja ikiwa ya nakala inayojihifadhi kila usiku, ana usingizi. Mtaniambia kuna mawingu, kuna diski za kuchomeka nje. Zipo, zitumieni pia. Lakini mawingu yanadai bando kila mwezi, na diski ya kuchomeka inadai mtu akumbuke kuichomeka. Diski iliyofungwa ndani haidai kitu. Tunaijua hali ya miswada ya Kiswahili: mingi haina nakala kwa mchapishaji, haina nakala maktaba, iko kwenye mashine ya mtunzi peke yake. Kasha linalokunyima nafasi ya diski ya pili kwa sababu ya uzuri limeshachagua kati ya kazi yako na picha yake, na halikuchagua kazi yako.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

Sitaki nionekane napiga kelele bila kusema mtu afanye nini. Ukiwa dukani, au mtandaoni kabla ya kuagiza, uliza haya.

Moja: linapokea pawasaplai gani? ATX ya kawaida, ile kubwa, utaipata kwa fundi yeyote Kariakoo au Luthuli Avenue. SFX ni ndogo, ni muundo unaojulikana, lakini huenda ukalazimika kuiagiza. Kama kasha linakuja na pawasaplai yake ya umbo la ajabu, weka chini, ondoka. Pawasaplai ndiyo inayopigwa kwanza umeme ukirudi kwa hasira.

Mbili: kipoza cha kimo gani kinaenea? Hakikisha milimita zenyewe, usikubali "kitaenea tu".

Tatu: lina mahali pa feni ya milimita 120 angalau mbili, na hewa inaingia wapi? Kama huoni matundu, na hewa haiyaoni.

Nne: chujio linatokaje? Litoe hapo hapo mbele ya muuzaji.

Tano: lina nafasi ya diski ngapi? Mbili ndiyo chini kabisa.

Sita: linafunguliwa kwa skrubu za kawaida, au kwa vishikizo vya plastiki vitakavyokatika mara ya tatu?

Ukiyajibu yote hayo kwa haki, utajikuta kati ya lita 15 na 20. Utajikuta karibu na ndoo ya maji. Fractal Design Node 304, ya tangu 2012, ni mfano mzuri: mini-ITX, pawasaplai ya ATX, na nafasi ya diski kubwa hadi sita. Cooler Master NR200 ya mwaka 2020, lita 18.25, ni mwingine: pawasaplai yake ni SFX, lakini hewa inapita, na kila ubavu unatoka. Haya si makasha ya kujionyesha. Mtu wa lita saba atayacheka. Mwache acheke, mwaka wa tano atakuja kukuomba bisibisi.

Hoja ya mtumba

Kuna mpinzani mmoja ninayemheshimu, naye hasemi habari za uzuri. Anasema: mbona unajisumbua? Kanunue kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex Micro au Lenovo ThinkCentre Tiny au HP EliteDesk Mini, lita moja tu, imetoka Ulaya, inauzwa bei ya chini kuliko kasha tupu na pawasaplai yake. Inatosha kuandika. Chaja yake ni kama ya laptopu.

Kwa mtu mwenye bajeti finyu, namuunga mkono. Nenda kanunue, usisubiri kujenga ndiyo uanze kuandika. Hakuna riwaya iliyocheleweshwa na kasha iliyostahili kucheleweshwa. Tena mashine hizi zinanisaidia hoja: ni ndogo kwa sababu zilibuniwa ndogo tangu mwanzo, kipoza chake na bati lake vimekatwa kwa ajili ya kila kimoja, na mtu wa ofisi anazifungua kwa skrubu moja. Huo ni udogo ulioanzia kwenye kazi.

Ila ujue unachonunua. Madabodi yake ni ya umbo lake peke yake. Siku ikifa, huwezi kuweka nyingine ya kampuni tofauti ndani ya bati lile; bati linakuwa taka. Intel nao walikuwa na visanduku vyao vidogo, NUC, vilivyopendwa sana, na mwaka 2023 wakatangaza kuachana navyo, kazi ikahamia ASUS. Umbo la kampuni linaishi kadiri kampuni inavyotaka. Umbo la wazi linaishi kadiri watu wanavyolitumia. Kwa hiyo mtumba ni jibu la miaka mitatu minne. Kasha la muundo wa wazi ni jibu la miaka kumi na tano. Yote ni majibu halali, mradi usichanganye moja na jingine.

Asichokuwa nacho jibu ni yule anayelipa bei ya miaka kumi na tano kwa kitu cha miaka mitatu, kwa sababu kilikuwa kidogo na kilikuwa na kioo.

Basi ndugu zangu waandishi, kabla hamjatoa pesa mwambieni muuzaji alifungue kasha mbele yenu. Akisema haliwezi kufunguliwa dukani, au akianza kutafuta skrubu huku jasho linamtoka, mmeshapata jibu. Mtu anayeishi kwa kuuza hayo masanduku ameshindwa kulifungua mchana, kwenye taa. Ninyi mtalifungua saa nane usiku, umeme umerudi kwa kishindo, sura ya mwisho imo ndani, na hakuna fundi anayepokea simu.